Samaki Mmoja kwa Siku: Maswali Yenu Kuhusu Uvuvi wa Burudani

SWALI: Kwako mhariri, salamu. Mpwa wangu anaishi Maryland, Marekani. Mwezi wa Juni alikwenda kuvua kwa mshipi pamoja na wenzake katika Ghuba ya Chesapeake, akampata samaki ambaye hapa kwetu angelisha nyumba nzima na jirani akapelekewa bakuli. Nahodha akamwamuru amrudishe majini kwa sababu amepita kipimo. Mimi nilivyolelewa, anayerudishwa ni mdogo ili akue. Isitoshe, ruhusa yenyewe ni ya samaki mmoja tu kwa siku. Je, ndoana ya mtu aliye mapumzikoni yaweza kuimaliza bahari? Mbona wasihangaike na meli kubwa? – Msomaji wa Buruburu, Nairobi.

JIBU: Mpwa wako alikutana na striped bass, samaki ambaye watu wa Maryland humwita rockfish na ambaye mimi nitamwita samaki wa milia, kwa sababu ya mistari saba au minane myeusi inayompita ubavuni kutoka kwenye matamvua hadi mkiani. Ni samaki wa pwani ya Atlantiki ya Marekani, hasa kuanzia Maine mpaka North Carolina. Huishi baharini, lakini kila majira ya kuchipua hupanda mitoni kutaga, na wengi wa wanaovuliwa katika pwani hiyo walizaliwa katika mito inayomwaga maji yake Chesapeake, huku wengine wakitoka mto Hudson na mto Delaware. Katika ghuba aliyovua mpwa wako, masharti yaliyoanza mwaka 2024 yanamruhusu mtu kuchukua samaki mmoja kwa siku, mwenye urefu wa inchi 19 hadi 24, yaani takriban sentimita 48 hadi 61. Katika bahari ya wazi kipimo ni inchi 28 hadi 31. Aliye mfupi hurudi majini, na aliye mrefu hurudi pia.

Mrefu hurudishwa kwa sababu katika samaki huyu ukubwa ndio uzazi. Jike kubwa hutaga mayai kwa mamilioni katika msimu mmoja, na samaki wa milia anaweza kufikia umri wa miaka 30, kwa hiyo jike mmoja aliyenusurika anaweza kuyajaza mazalio mara nyingi kabla ya kufa. Mfugaji hachinji mtamba, na hamchinji pia ng'ombe anayemzalia kila mwaka. Masharti ya Maryland yanafuata busara hiyohiyo, isipokuwa kwamba zizi hili halina ukuta na mifugo haionekani.

Kuhusu meli kubwa, dhana yako ni ya wengi, na kwa samaki wengi wa bahari ni ya haki. Kwa samaki huyu mambo yamegeuka. Zaidi ya asilimia 80 ya samaki wa milia wanaokufa kwa kuvuliwa katika pwani hiyo huuawa na watu wa burudani: baba na mwanawe ufukoni, marafiki wanne katika mashua ya kukodi, mstaafu mwenye mtumbwi wake. Mvuvi wa biashara amewekewa mgao wa uzito kwa mwaka mzima, na kila samaki anayemuuza hufungwa lebo yenye nambari. Mgao ukiisha, kazi imeisha. Mvuvi wa burudani hana mgao wa namna hiyo. Ameambiwa achukue mmoja kwa siku, lakini hakuna aliyeambiwa ni watu wangapi wanaruhusiwa kuja siku hiyo, wala ni siku ngapi katika msimu. Masharti yanamdhibiti mtu mmoja mmoja, na hayana mkono wa kuuzuia umati. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ulipo ugumu wote, na mengine yaliyobaki ni matawi yake.

Historia yenyewe inaeleza kwa nini watu wa huko wana woga. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 samaki wa milia alikuwa ameporomoka vibaya. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mahususi ya kumhifadhi, na Maryland ikaufunga uvuvi wake kabisa kuanzia 1985 hadi 1990. Samaki wakarejea, na mwaka 1995 ikatangazwa kwamba idadi yao imepona. Miaka michache ya neema ikafuata, wavuvi wakaongezeka, na tathmini iliyotolewa mwaka 2019 ikaonyesha kwamba samaki walikuwa wamepungua kupita kiwango cha usalama na kwamba bado walikuwa wakivuliwa kupita kiasi.

Ndipo ulipowekwa uzio wa urefu, yaani kipimo cha chini na cha juu kwa pamoja, na hapa pana funzo ambalo hata wataalamu walilipata kwa maumivu. Mwaka 2015 mazalio ya Chesapeake yalikuwa yamefanikiwa sana, kikazaliwa kizazi kikubwa cha samaki. Uzio wa baharini ulipowekwa mwaka 2020 ulikuwa wa inchi 28 hadi 35. Kufikia 2022 kizazi kile cha 2015 kikaingia ndani ya uzio huo kwa wingi, na wavuvi, ambao kisheria hawakuwa na wa kuchukua ila walio ndani ya uzio, wakakiangukia. Mavuno ya burudani ya mwaka huo yalikaribia kuwa mara mbili ya yale ya 2021, ingawa hakuna sharti hata moja lililolegezwa. Mei 2023 ikabidi uamuzi wa dharura uchukuliwe, kikomo cha juu kikashushwa hadi inchi 31. Kila aliyevua alikuwa ametii. Utii wenyewe ndio uliowaelekeza watu wote kwenye samaki walewale.

Msomaji ataniuliza: mbona hawakuliona mapema? Kwa sababu kumhesabu mvuvi wa burudani ni kazi ngumu kuliko kumhesabu samaki. Sisi Wakenya tulihesabiwa Agosti 2019 kwa kuulizwa tulilala wapi usiku mmoja uliotajwa. Mvuvi wa burudani hana usiku wa namna hiyo, hana diko moja anakoshushia samaki wake, wala hana tajiri, yaani mnunuzi wa samaki, wa kumpimia. Kwa hiyo Wamarekani hutuma barua majumbani kuuliza ni safari ngapi za uvuvi zilizofanywa, huku maofisa wengine wakisimama gatini na fukoni kuuliza kila safari imeleta nini, kisha hesabu hizo mbili huzidishwa. Zamani waliuliza kwa simu. Walipohamia kwenye barua na kuyarekebisha makadirio mwaka 2018, idadi ya safari ilipanda sana, na ikabidi historia nzima ya uvuvi huo iandikwe upya. Halafu mwaka 2023 idara inayohusika ikaeleza kwamba jaribio lake lilionyesha kuwa, kwa kubadilisha tu mpangilio wa maswali katika dodoso, makadirio ya safari yalishuka kwa asilimia 30 hadi 40. Tafakari hilo: swali gani limetangulia lingine katika karatasi moja linaweza kuamua kama bahari ina dhiki au ina nafuu. Sisemi hesabu zao ni za bure. Ni jitihada kubwa kuliko niliyoiona kwingine kokote. Lakini mvuvi anayepinga masharti ameshajua pa kuuma, na huuma hapo kila mkutano.

Kuna pia suala la mipaka, ambalo nitaligusa tu. Mpango wa pamoja hutungwa na tume ya majimbo 15 ya Atlantiki iliyoundwa mwaka 1942, lakini kila jimbo hutunga kanuni zake, na kwa miaka mingi majimbo yaliweza kuomba masharti tofauti mradi yathibitishe kwamba matokeo yatalingana. Samaki hasomi ramani: asubuhi yuko maji ya New York, jioni yuko New Jersey. Zaidi ya maili tatu kutoka pwani maji ni ya serikali kuu, na huko uvuvi wa samaki huyu umefungwa tangu 1990.

Mwisho, usimlaumu mvuvi kwa kila kitu. Maryland imekuwa ikiwahesabu watoto wa samaki mitoni tangu 1954, na kuanzia 2019 hesabu hiyo imekuwa chini ya wastani mwaka baada ya mwaka. Mito inataka kipupwe cha baridi na majira ya kuchipua yenye mvua ili vifaranga vipone, na miaka hii ya joto na ukavu haikuvipa hayo. Mdhibiti hana kanuni ya kuileta mvua. Anabaki na ndoana ya mpwa wako, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilicho ndani ya uwezo wake.

SWALI: Mimi ni mkazi wa Lang'ata na huenda Watamu mara mbili kwa mwaka kuvua. Sichukui samaki hata mmoja. Nampiga picha, namwachia. Kwa nini masharti yanihusu mtu kama mimi, ambaye sili wala siuzi? – Mpenda Bahari.

JIBU: Yanakuhusu kwa sababu aliyeachiwa si lazima awe aliyepona. Niendelee na samaki wa milia, kwa kuwa hesabu zake ziko wazi. Tathmini rasmi huchukulia kwamba asilimia 9 ya wanaorudishwa majini hufa baadaye, kwa jeraha la ndoana, kwa uchovu wa kuvutwa muda mrefu, au kwa kukaa hewani huku mtu akitafuta simu yake. Asilimia 9 ni kidogo ukiitazama peke yake. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya samaki wote wanaonaswa na wavuvi wa burudani huachiwa, ama kwa hiari ama kwa sharti. Chukua samaki 100 walionaswa: tuseme wanane wamechukuliwa na 92 wamerudishwa. Asilimia 9 ya 92 ni wanane na ziada. Basi kwa kila samaki aliyepelekwa jikoni, mwingine amekufa chini ya maji bila kuliwa na mtu. Kuna miaka ambayo vifo vya walioachiwa vimekaribia nusu ya vifo vyote vinavyotokana na uvuvi wa burudani.

Ndiyo sababu kubana kipimo peke yake hakutoshi, na wakati mwingine humla mwenye kukitunga: uzio ukiwa mwembamba zaidi, wanaorudishwa huongezeka, na sehemu yao hufa vilevile. Tangu 2021 anayemvua samaki wa milia kwa chambo lazima atumie ndoana ya duara, ambayo humkamata samaki pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni, na tangu marekebisho ya 2022 hairuhusiwi kumkweza samaki huyo kwa kulabu. Hayo ni mambo mazuri. Kisichopatikana kwa urahisi ni njia ya kumwambia mtu asiende kabisa kuvua siku ya joto kali, wakati maji yana hewa kidogo na samaki hana nguvu ya kurejea. Yapo majimbo yaliyofunga wiki kadhaa za kiangazi hata kwa wanaoachia, na wenye mashua za kukodi wakalalamika kwamba wanafungiwa riziki kwa ajili ya samaki ambao wateja wao hawali. Malalamiko yao yana uzito. Hata hivyo, kama nusu ya vifo iko upande huo, sioni vipi upande huo uachwe nje ya sheria.

Kwako wewe wa Watamu, ushauri wangu ni mfupi: usimpakie samaki mashuani kwa ajili ya picha. Mshike mdomo akiwa ubavuni mwa chombo, nahodha aende polepole ili maji yapite kwenye matamvua, na umwachie anapoanza kupiga mkia mwenyewe.

SWALI: Siku hizi hata sukuma wiki tunalipia kwa simu. Si kila mvuvi aripoti samaki wake kwenye programu ya simu, mambo yaishe? – Mwanafunzi, Ngara.

JIBU: Yangeisha kama wote wangeripoti. Anayeripoti kwa hiari kwa kawaida ni yule mwenye bidii na aliyepata. Aliyerudi mikono mitupu haoni sababu, ilhali safari yake isiyo na kitu ni sehemu muhimu ya hesabu. Hata pale ilipofanywa lazima, kama Alabama ilivyofanya kwa samaki wekundu (red snapper) wa Ghuba ya Meksiko tangu 2014, sehemu kubwa ya safari haikuripotiwa, na bado walihitajika maofisa gatini wa kukadiria ni wangapi waliokaa kimya. Simu inasaidia. Haimwondoi mtu mwenye kalamu gatini.

SWALI: Mimi nimezaliwa Mayungu, Malindi, na sasa naishi Kayole. Baba yangu ni mvuvi wa mshipi na jarife. Wageni wa mahoteli wanampenda sulisuli kwa mchezo, na baba humvua kwa karo yetu. Nimesoma kuhusu nchi nyingine kuwawekea watu wa burudani masharti makali. Je, Kenya nayo ikitunga masharti ya sulisuli, nani ataumia? – Mtoto wa Mvuvi.

JIBU: Swali lako ndilo lililonifanya nizipe barua hizi ukumbi mzima, kwa hiyo nitalijibu bila haraka.

Sulisuli, mwenye pezi kama tanga na mdomo kama mkuki, anatofautiana na samaki wa milia kwa mambo mawili makubwa. Kwanza, hukua upesi sana na haishi muda mrefu, kwa hiyo hoja ya kumhifadhi jike mzee kwa miongo haimwendei vizuri. Pili, hana mto wa nyumbani unaoweza kulindwa. Ni msafiri wa Bahari ya Hindi nzima, na anayefaidi msimu wake wa kaskazi mbele ya Watamu na Malindi hawezi kudai ni wake. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi, zilizotangazwa mwaka 1968, zinawalinda samaki wa matumbawe vizuri, lakini sulisuli huwindwa nje ya mipaka yake, kwenye maji ya kina.

Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli, iliweka mwaka 2018 kikomo cha tani 25,000 kwa mwaka kwa sulisuli wa bahari yote, na kikomo hicho kimevukwa. Wanaomvua kwa wingi ni vyombo vya nyavu za kutegea vya nchi kama Iran, India, Pakistani na Sri Lanka. Ukilinganisha na hao, mshipi wa baba yako ni tone, na mgeni wa hoteli ni tone pia. Hapa ndipo ninapokataa kuichukua kanuni ya Maryland mzimamzima na kuibandika Malindi. Kule mwenye burudani ndiye mvunaji mkuu. Huku si yeye.

Hilo halimwondolei mwenye burudani wajibu wake. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 inautambua uvuvi wa burudani kama aina ya uvuvi inayosimamiwa. Katiba ya 2010, kwa upande wake, katika Jedwali la Nne imeutaja uvuvi pande zote mbili: serikali ya kitaifa ina ulinzi wa maliasili ukiwemo uvuvi, na kaunti zina uvuvi kama sehemu ya kilimo. Wanasheria wataeleza kwa nini hakuna mgongano. Nahodha anayetoka Kilifi akapitia maji ya Mombasa na kulala Shimoni, kaunti ya Kwale, ataeleza vingine, na atafanana sana na yule wa New York na New Jersey.

Kuna jambo moja tulilo nalo ambalo sifa yake haisemwi vya kutosha. Shirika la African Billfish Foundation la Watamu limekuwa likishirikiana na manahodha kwa miaka mingi kuwavisha sulisuli na nduaro vitambulisho kabla ya kuwaachia, na kadi za vitambulisho hivyo zinaeleza samaki alikamatwa lini na wapi. Huo ni mwanzo wa hesabu ulioanzishwa na wavuvi wa burudani wenyewe bila kusukumwa. Upande wa pili, tangu kanuni za 2007 vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo baba yako anavijua kwa jina la BMU, vimekuwa na kazi ya kuandikisha wavuvi na kukusanya takwimu za mavuno dikoni. Samaki wa baba yako hupimwa kabla mama karanga hajanunua fungu lake la kukaanga na kabla tajiri hajaondoka na waliobaki kwenda kwa wenye mahoteli, ambako, nikiri kwa aibu kidogo, mimi mwenyewe hula sulisuli wa moshi kila nikishuka Pwani.

Kwa hiyo nikiulizwa nani ataumia, jibu langu linategemea madaftari hayo. Mgeni wa mashua ya hoteli ana kadi yake. Baba yako ana mstari wake katika daftari la BMU. Kisha yuko wa tatu, na idadi yake inaongezeka: mtu wa Nairobi anayepanda SGR Ijumaa, akashukia Mombasa, akavua Jumamosi kwa mashua ya rafiki yake huko Mtwapa, na Jumapili akarudi na samaki wake katika kisanduku cha barafu. Huyo hapiti penye kadi wala penye daftari. Ningependa aandikishwe kwanza, kwa leseni rahisi yenye swali moja la safari ngapi amefanya, kabla ya mtu yeyote kuzungumzia kipimo cha sulisuli au idadi ya kuchukua kwa siku. Kipimo kikitungwa leo kitamfikia baba yako wa kwanza, kwa kuwa yeye ndiye ambaye jina lake, chombo chake na uzito wa samaki wake tayari vimeandikwa.